Mchoraji wa ile picha ya Hawa haitwi "Mtandao"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama nitarefusha mnisamehe maana mie si mwandishi, ni fundi mihuri hapa Ngamiani, Tanga, na gazeti lenu nalisoma kila siku ingawa kusema kweli mara nyingi nasoma la jana, jirani yangu mwenye duka la spea ndo hununua, akimaliza ananipa, nami nikishasoma nafungia vibao vya wateja.

Wiki tatu zilizopita ukurasa wa dini ulikuwa na makala ya ndoa na uaminifu, na kama kawaida makala za ndoa zikifika katikati lazima Hawa apandishwe kizimbani, sasa pembeni mkaweka picha yake nyeusi na nyeupe, kakaa chini kajikunja, kichwa kakiinamishia magotini, nywele zimemwagika hata sura haionekani. Chini mkaandika "Mchoro wa kale wa Hawa. Picha: Mtandao". Wiki iliyofuata msomaji mwenzetu akaja juu, akasema gazeti la familia haliwezi kumweka mwanamke wa uchi ukurasa wa dini, nanyi mkaomba radhi palepale kwa mistari miwili, mambo yakaisha. Mie nikakaa nasubiri mtu aandike lile lililonikera mimi, sikuona, nikasema basi ngoja niandike mwenyewe.

Kilichonikera si uchi. Ni hilo neno "Mtandao". Ile picha ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke, jina lake Anna Lea Merritt, kazaliwa Philadelphia kule Marekani mwaka 1844, kafariki Uingereza mwaka 1930. Kwenye makala ile mmetaja jina la mchungaji, jina la mwandishi, jina la mpiga picha aliyempiga mchungaji, halafu mama wa watu aliyekaa na sindano juu ya bamba la shaba mpaka macho yanauma anaitwa Mtandao!

Mtajiuliza fundi mihuri wa Tanga kayajuaje haya. Ni kwamba nilipoiona tu nilijua hii haikuchorwa kwa penseli. Kabla ya hizi mashine za leza mie nilijifunza kazi miaka ya 1980 kwa mzee mmoja, sasa marehemu, ambaye alikuwa akitengeneza vile vibao vya shaba vya kuweka mlangoni kwa mawakili na madaktari, na kazi yenyewe ilikuwa hivi, unasugua bamba mpaka linang'aa, unalipaka gamba la kuzuia dawa, likikauka unakwaruza herufi kwenye lile gamba mpaka shaba ionekane, halafu unalilaza kwenye beseni la dawa, ile dawa ya rangi ya kahawia kama chai iliyolala, na pale ulipokwaruza dawa inakula, pale ulipoacha haigusi. Sie tulikuwa tunaita kulisha bamba. Mzee alikuwa anatukataza kuvaa shati jeupe siku ya kulisha na hatukumsikia mpaka kila mmoja wetu alipoharibu lake.

Sasa picha ya Hawa ni kazi hiyohiyo, Wazungu wanaiita echingi, tofauti ni kwamba wao bamba si mwisho wa kazi, bamba ndo mwanzo. Wanapaka nta, wanachora kwa sindano, wanalisha asidi, kisha nta inatolewa na bamba lote linapakwa wino, halafu linafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja cha mkono, taratibu, mpaka wino ubaki ndani ya mifereji tu. Juu yake inawekwa karatasi iliyolowanishwa kidogo, vinapita kwenye presi ya magurudumu mawili mazito na karatasi inalazimika kuingia mifereji ile kuuchota wino. Ndo maana kopi yenyewe, si hii ya gazeti, ukiipitishia kidole unausikia wino umeinuka, na pembeni kuna alama bamba lilipokandamiza karatasi. Mhuri ni kinyume chake kabisa, kwenye mhuri wino unakaa juu ya herufi, kwenye hii wino unakaa shimoni. Kinachofanana ni kimoja, vyote vinafanywa kinyumenyume. Mie nikiandika "IMEPOKELEWA" naandika kama inavyosomwa kwenye kioo, nimezoea mpaka wakati mwingine hata orodha ya sokoni naanzia kulia, na yule mama akitaka Hawa aelekee kushoto kwenye karatasi basi kwenye shaba lazima amchore anaelekea kulia. Mtu asiyefanya kazi hii hajui inavyochosha kichwa.

Na kuna lile la giza na mwanga. Kwenye echingi hukandamizi mkono ili mstari uwe mweusi kama kwenye penseli, hapana, weusi unatokana na muda. Kwa mistari ile unayotaka iwe hafifu unalitia bamba dawani kidogo tu, unalitoa, unaiziba kwa vanishi, unarudisha bamba, mingine inaendelea kuliwa, unatoa tena, unaziba tena. Kwa hiyo palipo giza kwenye picha ile ama mistari imesongamana ama ililala dawani muda mrefu kuliko mistari ya mgongo na mabega yake. Ukipitiliza dakika kadhaa bamba limeungua, kazi ya mwezi umeitupa, ama ukae ukwangue na kusugua upya. Mtu aliyeweza kuufanya mgongo wa binadamu uonekane laini kwa asidi na sindano, jamani, huyo si wa kuandikiwa "mchoro wa kale".

Basi nikamwita mpwa wangu, yuko chuo, akaipiga picha lile gazeti kwa simu yake akaitafuta, haikuchukua hata nusu saa akaja na jina, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimsumbua na bando lake aniletee mengine.

Huyu Anna alitoka nyumba yenye uwezo, na kabla hata hajawa mchoraji wa kujulikana alisoma anatomia kwenye chuo cha udaktari cha wanawake hukohuko Philadelphia, yaani viungo vya mwili alivijua kwa kuvisoma. Akaenda Ulaya, vita vya mwaka 1870 kati ya Wafaransa na Waprusi vikamtoa Paris akakimbilia London, na huko akakutana na fundi mwenzangu naweza kusema, bwana mmoja anaitwa Henry Merritt, kazi yake kutengeneza picha za zamani zilizochakaa na kuandika uhakiki wa sanaa. Akawa mwalimu wake. Wakaoana Aprili 1877, na Anna alikuwa ameshajiandaa kuacha kazi ya uchoraji awe mke wa nyumbani. Julai mwaka uleule mume akafa. Miezi mitatu tu.

Hapo ndo echingi inapoingia. Alitaka kukusanya maandishi ya marehemu yatoke kitabu, na kitabu kinataka picha, akaingia kujifunza kulisha bamba, na kitabu kilipotoka mwaka 1879 kilikuwa na echingi 23 za mkono wake. Hakuolewa tena. Mie hilo limenikaa sana kichwani, maana nimeona wajane wakikabidhiwa vitu vya marehemu, simu, viatu, deni, huyu yeye msiba ulimwachia fani nzima. Sasa sitaki kusema yule Hawa aliyejikunja ni Anna mwenyewe, watu wa makala wanapenda sana kusema hivyo, mie nasema tu kwamba mtu aliyemchora alijua mwili unakaaje ukizidiwa.

Hawa wake alimchora kwanza kwa rangi ya mafuta, picha ile ikaonyeshwa mwaka 1885 Royal Academy London, yaani chama kikubwa cha wachoraji wa Uingereza chenye shule na maonyesho yake, na miaka minane baadaye ikapata medali kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, kisha huyohuyo Hawa akamtia kwenye bamba ili azalishwe kopi, maana picha ya rangi ni moja na anayeinunua ni tajiri mmoja, lakini bamba linatoa karatasi nyingi na mtu wa kawaida naye anaweza kuitundika sebuleni kwake.

Hebu itazameni tena kama kopi mnayo ofisini. Wachoraji wengi walipomchora Hawa walimchora kasimama, mzuri, tunda mkononi, nyoka kamzunguka kwenye mti, na Adamu pembeni kama mtoto aliyedanganywa kwa pipi. Humu nyoka hayumo. Adamu hayumo. Hamna jicho linalokuita wala tabasamu, uso wenyewe umefichwa. Na mie mwanzo nilifikiri vibaya, nilisema huyu kakwepa kuchora sura kwa sababu sura kwenye bamba ni ngumu, sie mafundi tuna ujanja huo, pagumu unapafunika kwa maua. Lakini kadiri nilivyoitazama nikaona alichofanya ndo kigumu zaidi, huzuni yote kaiweka kwenye mgongo, mikono na nywele, mahali ambapo huwezi kudanganya kwa machozi mawili shavuni. Na kando yake chini liko tunda lililoumwa. Sasa Mhariri hapa nina ugomvi mwingine nanyi, kwenye gazeti mliikata picha chini ili itoshe safu, na mkalikata tunda! Mkambakiza mwanamke uchi aliyeinama bila sababu. Nami nikiwa yule msomaji aliyelalamika pengine ningelalamika pia.

Na kuhusu malalamiko yenyewe kuna jambo limenichekesha mpaka mke wangu akatoka nyuma kuuliza kulikoni. Mwaka huohuo wa 1885, mwezi Mei, gazeti la The Times la London lilipata barua ya msomaji, imeandikwa kwa uchungu, inalaani picha za uchi zilizojaa kwenye maonyesho ya mwaka ule, zikiwemo za Royal Academy palipokuwa na huyu Hawa wetu. Barua ilisainiwa "A British Matron", yaani kama mtu aseme Mama Mheshimiwa wa Kiingereza. Kukawa na mvutano wa barua magazetini humo wiki kadhaa. Na wengi waliamini kwamba huyo Mama alikuwa mwanaume, tena mchoraji, John Callcott Horsley, mtunza hazina wa Royal Academy yenyewe, ambaye Oktoba ya mwaka ule alisimama kwenye mkutano wa Kanisa mjini Portsmouth kupinga watu kukaa uchi ili wachorwe. Sisemi kwamba msomaji wetu wa wiki mbili zilizopita naye ana ndevu, Mungu anisamehe, nasema tu Hawa huyu kwenye kurasa za barua ni mzoefu, si mara ya kwanza kuandikiwa.

Nijibu na hoja yenyewe kidogo, kwa heshima. Mwanzo sura ya 3 aya ya 7 inasema wakafumbuliwa macho wote wawili wakajijua kuwa wa uchi, ndipo wakashona majani ya mtini. Picha hii imekamata pale katikati, tunda limeshaumwa na majani hayajashonwa. Ungemvisha nini? Gauni halijaanza kuwepo duniani. Na tukiwa hapo, hilo tunda Biblia haikulitaja jina, tufaha ni mambo ya wachoraji wa Ulaya, na kwetu huku pwani ukisema tofaa mtu anafikiria lile jekundu la majimaji linalouzwa kwa mafungu, kwa hiyo mpwa wangu aliponisomea habari za tufaha nilichukua muda kuelewa linazungumzwa lipi.

Halafu kuna kitu sikuwahi kukiona miaka yote niliyosikia mahubiri ya Hawa mpaka niliposoma kwa ajili ya barua hii. Kilio cha Hawa hakimo. Adamu anaulizwa anasema ni huyu mwanamke uliyenipa, mwanamke anaulizwa anasema nyoka alinidanganya, wanahukumiwa, na jina la Hawa analipata baadaye kwenye aya ya 20 mambo yakiwa yameshaharibika, eti kwa kuwa ndiye mama wa wote walio hai. Kama alilia, kama alijuta, kama alikaa chini hivyo peke yake, maandiko yamepita bila kusema. Huyu mama Mmarekani akaona pengo, akaingia hapo na sindano yake. Nilipomwambia jirani wa spea, yeye ni Mwislamu, akaniambia kwao mbona wote wawili waliteleza na wote wawili wakaomba pamoja, wakasema Mola wetu tumejidhulumu nafsi zetu, Sura ya Al-A'raf aya ya 23, na kwamba hata jina la Hawa halimo ndani ya Kurani, watu wanalijua kwa njia nyingine. Akaongeza, ninyi mnaandika makala kumsema mama wa watu kisha mnaweka picha yake analia. Sikuwa na jibu nikamuuliza bei ya plagi.

Nirudi kwa Anna. Mtu anaweza kusema kwani kuchora mwanamke uchi kuna ugumu gani, wanaume walikuwa wakifanya kila siku. Ndio, wanaume. Shule ya Royal Academy haikuwaruhusu wanafunzi wa kike kumchora mtu akiwa hana nguo mpaka mwaka 1893, na hata hapo ikawa mwanaume aliyefungwa kitambaa kiunoni. Hiyo Academy yenyewe ilipoanzishwa mwaka 1768 waanzilishi wawili walikuwa wanawake, Angelica Kauffman na Mary Moser, na baada ya hao mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili ilibidi kusubiri mpaka Laura Knight, mwaka 1936! Hesabuni wenyewe. Anna alishafariki miaka sita nyuma. Na mwaka 1890 picha yake nyingine, ya mtoto Kupido, yule mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale, anasukuma mlango wa kaburi uliofungwa, ilinunuliwa kwa fedha za wosia wa mchongaji Chantrey iwe mali ya taifa la Uingereza, kazi ya kwanza ya mwanamke kununuliwa na mfuko ule. Picha ile aliifanya kwa ajili ya mumewe, alitaka iwe sanamu ya shaba kaburini na pesa hazikutosha. Baadaye akachora mpaka kuta za kanisa, kijiji cha Blackheath huko Surrey. Kwa hiyo anayedhani aliyechora Hawa yule alikuwa mhuni wa mitaani ajue waumini walikuwa wakiabudu huku kazi zake ziko ukutani.

Kuna kitu aliandika mwaka 1900 kwenye jarida moja la Marekani, kuwashauri wachoraji hasa wanawake, mke wangu kanikataza nisikiweke na ndo maana nakiweka. Alisema kikwazo kikubwa kwa mwanamke kufanikiwa ni kwamba hawezi kamwe kuwa na mke. Akasema hebu fikirini mke anamfanyia nini mchoraji, anamtia viraka soksi, anaangalia nyumba, anaandika barua zake, anakwenda kutembelea watu kwa niaba yake, anawazuia wageni wanaokuja kumpotezea muda, na kazi zake anazisifu kwa upendeleo. Mume, anasema, hatakuwa na faida yoyote. Mke wangu aliposikia alicheka halafu akanyamaza, na mie nikatazama mezani nikaona kitabu cha risiti kina mwandiko wake, simu za wateja anapokea yeye, na chai niliyokuwa nakunywa sijui hata ilifika saa ngapi. Tuendelee.

Mtasema Fundi, sasa jina la mchoraji mmoja wa karne ya 19 linamsaidia nini msomaji wa Tanga. Nitawapa kisa cha mwenzake, Mary Nimmo Moran, naye wa Marekani, naye wa echingi ila yeye alikuwa wa mandhari, miti na maji. Chama cha wachora echingi kilipoundwa London na daktari mmoja wa upasuaji aliyependa sana mabamba, Francis Seymour Haden, huyu Mary akachaguliwa kuwa miongoni mwa wanachama 65 wa mwanzo, mwanamke pekee. Na inaelezwa kwamba alikuwa akisaini kazi zake M. N. Moran, herufi mbili na jina la mume, wakadhani ni mwanaume. Yaani kazi wameiona, wameipenda, wamepiga kura, kumbe jina likiandikwa lote pengine mikono isingeinuka. Mwaka 1887 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yakafanya maonyesho ya wanawake tu wachora echingi wa Marekani, mwaka uliofuata New York nako wakafanya, watu wakaona kumbe wapo wengi hivi. Walikuwepo siku zote, kwenye kuta za watu na ndani ya vitabu. Ninyi mwaka huu mmemrudisha mmoja wao kule kwenye herufi mbili, tena afadhali herufi mbili maana M. N. Moran angalau unaweza kumtafuta. Mtandao utamtafutia wapi?

Najua mtajibu kwamba picha zile ni za zamani mno, hazina haki za mtu, kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Sawa kabisa, mchoraji akifa miaka imeshapita hamna wa kudai, mie sidai pesa. Lakini mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na tabia moja, kila kibao alichotengeneza kwa nyuma, upande unaogusa ukuta, aligonga herufi mbili za jina lake na mwaka. Nikamuuliza nani ataziona hizo, akasema atakayeking'oa. Vibao vyake vimeng'olewa vingi mjini hapa, majengo yanabomolewa, na kuna siku muuza vyuma chakavu aliniletea kimoja nipime kama ni shaba kweli, nikageuza nyuma nikakuta herufi zile na mwaka 1974. Nilikinunua kwa bei ya kijinga.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na siombi mniombe radhi mimi. Toeni marekebisho, sehemu ileile ya ukurasa wa dini, muandike: "Picha ya Hawa tuliyoichapa ni echingi ya Anna Lea Merritt (1844–1930), mchoraji wa Marekani aliyeishi Uingereza." Kama mna nafasi muichape tena nzima na tunda lake, kama mnaogopa barua nyingine basi acheni picha, jina litoke. Na vijana wenu wa dawati la picha waambieni ile kazi ya kutafuta chanzo mpwa wangu kaifanya kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mie kwa upande wangu nimeikata ile ya gazetini nimeibandika juu ya mashine ya leza, nikalipiga mstari neno "Mtandao" kwa kalamu nikaandika jina lake lote. Juzi kaja mweka hazina wa kikoba kimoja kuchukua mhuri, akaisoma polepole, akaniuliza huyu Anna Lea Merritt ofisi yake iko wapi maana na wao wanataka picha ya kuweka kwenye kadi za mwaliko. Nikamwambia amechelewa. Akasema basi nikimwona nimpe namba yake.

Fundi Mihuri,
Ngamiani, Tanga.